Kiraka si Aibu

Kama una kazi mkononi, unachagua mchele, unapiga pasi sare za watoto au unarudishia kifungo kilichong'oka, endelea nayo. Mazungumzo ya leo yanapatana na mikono iliyo kazini.

Leo nataka tukizungumzie kiraka.

Neno hili tumelionea sana. Barabara ikiharibika tunasema imejaa viraka. Sheria ikirekebishwa bila mpango tunasema imetiwa viraka. Mtoto akiingia darasani na kaptura yenye kiraka, wenzake humcheka mpaka kengele ilie. Watu wa mpira ndio waliolipa neno hili haki yake: kwao mchezaji kiraka ni yule anayecheza beki leo na kiungo kesho, na kocha mwenye kiraka kikosini hulala usingizi. Katika hili mimi niko upande wa watu wa mpira. Kila ninapoulizwa ilhamu ya sanaa za nguo na za mikono hutoka wapi, jibu langu ni moja. Hutoka kwenye kiraka, yaani kwenye kilichobaki, kikiangukia mkono unaokifahamu.

Nianze nyumbani. Mama yangu alikuwa fundi wa kushona, na mimi nimekulia chini ya cherehani yake. Pale chini palikuwa na kiroba cha mabaki: ncha za vitenge, vipande vya sare za shule, mapindo ya kanga, mikono ya mashati ya baba iliyokatwa baada ya kola kulika. Hatukuruhusiwa kukitupa kiroba kile wala kukichoma moto. Msimu wa mvua ukikaribia, mama alikimwaga sakafuni, akachagua vipande kama mtu achaguaye mchele, akaanza kuviunga. Alitushonea mfarishi wa kujifunika, na mfarishi ule ulikuwa kitabu cha nyumba yetu. Hapa sketi ya dada alipokuwa darasa la nne. Pale shati la baba la sikukuu. Na karibu na kichwa, kipande cha kanga ya harusi ya mama. Kanga ile ilikuwa na maneno "Wema hauozi", lakini mkasi ulipita katikati, likabaki neno moja tu: hauozi. Nililala chini ya neno hilo utoto wangu wote bila kujua linazungumzia nini.

Kanga yenyewe, msikilizaji, ni mtoto wa kiraka. Katika karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo jina lake tulilipata kwa Wareno. Leso zilikuja zikiwa zimeungana katika jora. Inasimuliwa kwamba akina mama hawakuzikata moja moja kama ilivyokusudiwa. Walichukua sita, wakazipanga tatu juu na tatu chini, wakaziunga zikawa nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona wanawake wamevuka mbele yao, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo, yenye pindo kuzunguka na mji katikati. Majina, yaani yale maneno ya kanga, yalikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati hizi tunazosoma leo. Mombasa mpaka sasa wengi wanaiita leso, na jina hilo linatunza kumbukumbu ya siku ilipokuwa vipande.

Mkeka nao vivyo hivyo. Ukindu huchanwa, hukaushwa, huchemshwa na rangi, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Ukiutazama mkeka kwa karibu utauona mshono. Msusi hajaribu kuuficha, kwa sababu mshono ndio unaoushikilia mkeka.

Sasa tuvuke bahari. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi watu waitwao Wasiddi. Ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa waliopitia Goa enzi za Wareno. Wapo Waislamu, wapo Wakatoliki, wapo Wahindu. Wanazungumza lugha za huko, na wengi wao hulima na kufanya vibarua. Wapo pia Wasiddi wengine kaskazini zaidi, Gujarat, na hao ngoma yao wanaiita goma. Neno hilo, msikilizaji, wewe na mimi hatuhitaji mkalimani.

Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka hushona mifarishi iitwayo kawandi. Naomba unifuate polepole hapa, kwa sababu namna wanavyoshona ndiyo somo lenyewe. Mama anakaa chini na sari kuukuu imetandazwa mbele yake. Huo ndio mgongo wa kazi. Haanzii katikati. Anaanzia pembeni. Anachukua kipande cha nguo iliyochakaa, anakunja ukingo wake, anakilaza pembeni kabisa mwa sari, kisha anapiga bandi, sindano ikizama na kuibuka. Kipande kikikaribia kuisha, anaingiza kingine, anaendelea. Akifika kona anageuza nguo na kushika upande wa pili. Anazunguka hivyo, mzingo ndani ya mzingo, akielekea ndani, mpaka mistari ya uzi ikutane katikati. Bandi ile ile inayokishika kiraka ndiyo inayokifunga na mgongo. Akimaliza, unaipapasa kawandi na vidole vinahisi mistari ya uzi imeinuka kama matuta ya shamba.

Hapimi kwa rula, wala hana mchoro alioubandika ukutani. Rangi inaamuliwa na kipande kinachofuata kutoka kwenye rundo. Nyekundu imekwisha, basi inaingia ya manjano, na hiyo ya manjano inaidai kijani. Ukimwuliza msanii aliyesomea chuo ilhamu ni nini, atahangaika kukujibu. Huyu mama anakuonyesha kwa sindano: ilhamu ni jinsi kipande cha pili kinavyojibizana na cha kwanza.

Lakini lililonigusa zaidi ni mwisho wa kazi. Kawandi ikishafungika, inaweza kutumika. Inaweza kumfunika mtoto, inaweza kutandikwa. Hata hivyo mama hainuki. Anachukua vitambaa vidogo, anavikunja na kuvikunja tena mpaka viwe pembetatu nene, anazishona kwenye kona nne. Pembetatu hizo wanaziita phula, maana yake maua. Hazimwongezei mtu joto hata kidogo. Lakini washonaji wenyewe husema kawandi isiyo na phula iko uchi.

Litafakari hilo, msikilizaji. Mwanamke aliyeshinda shambani kwa watu, ambaye nguo anazoshonea zimevaliwa mpaka zikalegea, anakataa kuiachia kazi yake ikiwa uchi. Sisi tumezoea kusema urembo ni wa wenye nafasi, kwamba maskini kwanza ashibe, maua yatakuja baadaye. Maua yale ya kona yanatukanusha. Mwaka 2004 baadhi ya washonaji hao walianzisha ushirika wao, wakishirikiana na mtafiti Mmarekani, Henry Drewal, na kawandi zao zimefika kwenye kumbi za maonyesho mbali na Karnataka. Lakini maua yalikuwepo kabla ya mtafiti na kabla ya wanunuzi. Yalishonwa kwa ajili ya watoto wa nyumbani.

Upande wa pili wa dunia kuna ukoo mwingine wa viraka. Jimbo la Alabama, Marekani, mto unapinda na kukizunguka kijiji kiitwacho Gee's Bend kama mkono unaokumbatia. Wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, na wengi bado wanatumia jina la ukoo wa bwana wa shamba hilo, Pettway. Nyumba zao zilipenyeza baridi, na fedha za kununua mablanketi hazikuwepo. Wanawake wakashona mifarishi kwa suruali za kazi, mashati na magunia ya unga.

Mwaka 1942 mwanamke aitwaye Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo zake za kazi, zile alizolimia, akazikata, akazishona mfarishi. Binti yake Arlonzia, aliyekuwepo akisaidia, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake. Kwenye mifarishi ya nguo za kazi ya kijiji kile, ukitazama kwa karibu utaona mraba wenye buluu iliyokoza katikati ya kitambaa kilichopauka. Hapo palikuwa na mfuko. Jua lilipausha suruali yote lakini chini ya mfuko halikufika, na mfuko ulipobanduliwa, rangi ya siku ya kwanza ikajitokeza. Hakuna mchoraji anayeweza kuitengeneza buluu ile. Inatokana na miaka ya mtu kuinama shambani.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend iliingia katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na watu wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya michoro mikubwa. Mwaka 2006 shirika la posta la Marekani liliichapa kwenye stempu. Nafurahi ilipewa heshima. Nafurahi zaidi kujua kwamba ilikuwa na heshima tangu ilipokuwa kitandani.

Turudi Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Waganda wa Buganda wana nguo ambayo haifumwi kabisa, nayo ni lubugo. Inatokana na mti wa mutuba. Fundi hukwangua ganda la juu, hukata shina kwa kuzunguka juu na chini, hupasua wima, kisha hulibandua gome taratibu likatoka zima kama shati linalovuliwa. Baada ya hapo hafanyi haraka kuondoka. Anaufunga mti ule kwa majani ya migomba ili usiungue na jua, nao unaota gome jipya la kuvunwa tena msimu mwingine. Gome huchemshwa au kupashwa moto, kisha hugongwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza mifereji mipana, halafu myembamba, mpaka lilainike na kutanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali. Likianikwa juani linashika rangi ya udongo wa kichuguu. UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005.

Sasa sikiliza jambo hili. Palipokuwa na tawi, gome hutoka na tundu. Na linapogongwa hupasuka hapa na pale. Fundi hasemi limeharibika. Anakata kipande cha lubugo hiyo hiyo, anaziba tundu, anashona. Mishono hiyo inaonekana wazi, na lubugo yenye mishono hiyo ndiyo inayotumika wakati wa kumtawaza Kabaka, na ndiyo inayomsitiri marehemu kaburini. Katika nguo ya heshima kuliko zote, kiraka kipo na hakuna anayekionea haya.

Wasanii wa leo wamekichukua hapo kijiti. Msanii wa Uganda, Sanaa Gateja, ambaye hata jina lake linatuamkia kwa Kiswahili, huviringisha karatasi zilizokwisha kutumika zikawa shanga, akishirikiana na wanawake wengi wa vijijini, kisha shanga hizo hushonwa juu ya lubugo zikawa kazi kubwa za kutundika ukutani. Gome la mti, karatasi iliyotupwa na uzi vinakutana mahali pamoja. Naye El Anatsui wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, akaanza kuvipondaponda na kuviunga kwa waya wa shaba. Leo maturubai yake ya vifuniko hung'aa kama nguo ya kente, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Ukizisogelea kazi za watu hawa utakuta kitu kile kile alichokuwa akifanya mama kwenye sakafu yetu: kipande, mshono, kipande.

Ndiyo maana napingana na wale wanaosubiri ilhamu kama wasubirio wahyi. Vijana wengi huniambia, nataka kufanya sanaa ya mikono lakini sina vifaa, sina wazo, naangalia kwanza picha za wengine. Kuangalia kazi za wengine ni kuzuri, na ukichukua kitu kwao utaje umekichukua wapi. Lakini picha haina mguso. Haikwambii kitenge hiki ni kizito na kanga ile ni nyepesi, na kwamba ukiviunga bila kufikiri kizito kitakichana chepesi. Hayo unaambiwa na nguo yenyewe ikiwa mikononi. Mkono hujua kwanza, kichwa hufuata.

Kwa hiyo nikushauri namna ya kuanza, na ni ushauri usiogharimu fedha nyingi. Pita kwa fundi cherehani wa mtaani kwako jioni anapofunga. Mwombe mabaki, mpe chochote cha shukrani. Yafue yote kwanza, maana kanga mpya huchuja na nyekundu yake inaweza kumwaga rangi kwenye nyeupe ya jirani. Yapange sakafuni kwa uzito, si kwa rangi. Chukua shuka kuukuu liwe mgongo, na uanze pembeni kama mama wa Kisiddi, kwa bandi fupi na uzi wa pamba wenye nguvu. Katikati usipajue mapema. Ukifika mahali ambapo nguo haitoshi, usiende dukani. Tafuta ndani ya nyumba. Kifungo cha koti la babu, kipande cha ukili kilichobaki mkeka ulipokatika, shanga za mkufu uliokatika uzi, vyote vinakubali sindano. Na ukimaliza, weka ua kwenye kona. Lisilo na kazi. Hiyo ndiyo saini yako.

Kuna neno moja kwa wanunuzi pia. Tunapokwenda sokoni tukakuta mkeka, kikapu, kofia ya viua au kitambaa kilichodariziwa kwa mkono, mara nyingi tunataka bei ya kitu kilichotoka mashineni. Tunamwambia mama aliyekaa pale, "Punguza, si nyuzi tu hizi?" Kofia moja ya viua iliyoshonwa kwa mkono humla mtu majuma, tundu kwa tundu, mpaka macho yanauma. Anayeomba apunguziwe mpaka chini anamwomba mshonaji amzawadie macho yake. Kupatana bei ni mila yetu na sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba tuihesabu kazi kabla hatujafungua mdomo, kwa sababu bei ikianguka mabinti wa yule mama wanaiacha sindano, na ufundi ukiacha kurithiwa hauna duka unakouzwa.

Na kuna neno la mwisho kwa wenye wazazi wazee. Mfarishi wa mama yangu umechakaa. Uzi umeachia sehemu nyingi na sketi ya dada imebaki wavu. Mwaka jana niliukunjua, nikakuta kile kipande cha kanga bado kipo, kimepauka lakini kinasomeka. Hauozi. Mama hayupo tena wa kuniambia vipande vingine vilitoka wapi. Kuna kimoja cha zambarau chenye vidoti vyeupe, hakuna mtu nyumbani anayekijua. Kilikuwa cha mtu fulani aliyependwa kiasi cha kuhifadhiwa, na jina lake limetupotea kwa sababu hatukuuliza.

Basi jioni ya leo, kama una mama, bibi au shangazi mwenye kasha la nguo za zamani, mwombe alifungue. Muulize kila kipande kilikuwa cha nani. Mwite mtoto mmoja akae karibu asikilize. Kisha ombeni uzi na sindano, na kabla kasha halijafungwa, shoneni pamoja japo viraka viwili.